Umeme Mdogo Usiolala: Jinsi ya Kupima Miliampea Katika Betri za Chama



Mwezi wa Mei 2023, siku ya kwanza ya ununuzi wa pamba katika chama kimoja cha msingi, mzani wa kielektroniki ulikataa kuwaka. Wakulima walikuwa wamekwisha kupanga mafurushi yao tangu alfajiri. Katibu alibonyeza swichi mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kioo kikatoa mwanga hafifu, kisha kikazimika. Ikabidi utolewe mzani wa zamani wa kuning'iniza, ambao kila mkulima aliutazama kwa jicho la shaka, na hadi jua linatua malalamiko ya kilo yalikuwa yamejaza kurasa mbili za daftari. Betri mpya ilinunuliwa juma lile lile. Ilikuwa ni ya tatu katika misimu mitatu.

Mwandishi wa makala haya aliitwa kutazama jambo hilo. Halmashauri ilikuwa imegawanyika: wengine wakisema betri ziuzwazo mjini ni mbovu, wengine wakimtuhumu mlinzi kwamba huchajia simu usiku kwa betri ya mzani. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kupima kabla yangu, akaona tarakimu 0.00 kiooni, akaapa kwamba hakuna umeme unaovuja. Fundi huyo hakusema uongo. Aliona kile alichoonyeshwa na chombo chake. Lakini umeme ulikuwa ukitoka: miliampea 2, usiku na mchana, swichi ikiwa imezimwa. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi mkondo mdogo namna hiyo unavyopimwa, na kwa nini mtu mwaminifu mwenye chombo kizima aweza kuukosa.

Miliampea mbili ni nini?

Mkondo wa umeme hupimwa kwa ampea, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa André-Marie Ampère (1775–1836). Ampea moja hugawanywa katika miliampea 1,000. Taa ya sola ya volti 12 yenye nguvu ya wati 6 hutumia nusu ampea, yaani miliampea 500. Kwa hiyo miliampea 2 ni sehemu moja katika 250 ya mkondo wa taa ndogo ya ofisini. 

Lakini taa huzimwa, na mkondo huu hauzimwi. Betri ya mzani ule ilikuwa ya volti 6, yenye uwezo wa ampea-saa 4, maana yake ni kwamba yaweza kutoa miliampea 40 kwa muda wa saa 100. Nilipoupima mzani ukiwa unafanya kazi, ulitumia miliampea 40. Katika siku ya kazi ya saa 8 basi, hutumia miliampea-saa 320. Na katika saa 16 zilizobaki, ukiwa umezimwa, hupoteza 32 tu, ambazo chaja ya jioni huzirudisha pasipo mtu kujua. Ndiyo sababu wakati wa msimu hapakuwa na lalamiko lolote.

Shida huanza msimu ukifungwa. Mzani huingizwa ghalani mwezi wa Septemba, mlango ukatiwa kufuli, na hakuna chaja tena. Gawanya 4,000 kwa 2: utapata saa 2,000, ambazo ni siku 83. Kabla ya Krismasi betri imekwisha kuwa tupu, nayo yabaki tupu hadi Mei. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa miezi, bamba zake hushikwa na chumvi ngumu ya salfeti ambayo chaja ya kawaida haiwezi kuiyeyusha, na joto la ghala lililoezekwa kwa bati huharakisha uharibifu huo. Betri zile tatu hazikufa kwa kazi. Zilikufa kwa kukaa na njaa.

Karani mlangoni

Kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya, na machanganyiko hayo yameunguza vyombo vingi. Volti hupimwa kwa kugusa ncha mbili za betri, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, bila kukata waya wowote. Mkondo haupimwi hivyo. Mkondo ni kitu kinachopita, na anayetaka kukihesabu hana budi kusimama njiani. Fikirini karani wa ghala: akisimama uani hawezi kujua ni magunia mangapi yaliyoingia, sharti asimame mlangoni, na kila gunia lipite mbele yake. Vivyo hivyo waya mmoja wa betri hukatizwa, na multimita, ile ambayo mafundi huiita testa, huwekwa katika pengo hilo ili umeme wote upite ndani yake.

Kwa kuwa umeme wote unapita ndani yake, njia hiyo ya ndani hufanywa iwe nyepesi mno, karibu sawa na kipande cha waya mtupu. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akiisha kupima mkondo, akasahau waya mwekundu katika tundu la ampea, kisha akagusa ncha mbili za betri akidhani anapima volti, huwa amefanya shoti kamili. Betri ya sola ya ampea-saa 100 yaweza kusukuma mamia ya ampea kwa kitambo hicho. Nyaya za kupimia huyeyuka mkononi, na katika multimita za bei nafuu tundu la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi hata kidogo; huandikwa hivyo kando yake kwa herufi ndogo ambazo hakuna azisomaye. Kwa hiyo katibu ajifunze desturi moja kabla ya zote: kipimo cha mkondo kikiisha, waya mwekundu urudishwe katika tundu la volti kabla multimita haijawekwa mezani.

Sasa turudi kwa fundi aliyeona 0.00.

Ukiifungua multimita ya tarakimu utakuta kwamba, kwa kweli, haijui kupima mkondo. Ijualo ni kupima volti ndogo. Ili kupata mkondo, huupitisha katika kikinza, yaani kidude chenye ukinzani unaojulikana, kisha husoma volti zilizotokea kati ya ncha mbili za kidude hicho. Kanuni yake ni ile aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Katika multimita nyingi za kawaida, njia ya tundu la ampea 10 ina ukinzani wa omu 0.01 tu. Miliampea 2 zikipita hapo huzaa volti 0.00002, nayo tarakimu ya mwisho ya kioo katika kipimo hicho huhesabu ampea 0.01, yaani miliampea 10 kwa mara moja. Chochote kilicho pungufu sana ya hapo huonekana kuwa si kitu. Ni kama kupima dhahabu kwa mzani wa pamba. Fundi alitumia tundu la ampea 10 kwa kuogopa kuunguza fyuzi, na hofu hiyo ilikuwa ya busara. Kosa lake lilikuwa kuishia hapo.

Tundu la miliampea lina njia nyingine. Swichi ikielekezwa kwenye miliampea 200, ukinzani huwa omu 1. Kwenye 20 huwa omu 10. Kwenye 2 huwa omu 100. Kwa kipimo cha 20, mzani ule ulionyesha 2.0 na kitu bila ubishi. Tundu hili lina fyuzi ndogo, kwa kawaida ya miliampea 200 au 500, na kikomo chake huandikwa kando ya tundu. Anza daima na ampea 10. Tarakimu zikiwa chini ya kikomo hicho, hamia kwenye miliampea, ukianza na 200 na kuteremka hatua kwa hatua.

Kuna sifuri ya aina ya pili ambayo ni ya hatari zaidi. Fyuzi ya tundu la miliampea ikiwa imekatika, kioo kitaonyesha 0.00 siku zote, hata kama betri inamwagika kama maji ya mfereji. Testa nyingi nilizozikuta katika karakana za vijijini ziko katika hali hiyo, na wenyewe hawana habari. Kwa sababu hiyo karani naye apimwe kwanza. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5 na kikinza cha omu 1,000, ambacho hupatikana kwa bei ndogo kwa mafundi redio na kina mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Unganisha betri, kikinza na multimita kwa mfuatano. Ukigawanya 1.5 kwa 1,000 wapata miliampea 1.5, multimita iliyo nzima itaonyesha tarakimu zilizo karibu na hapo, zikizidi kidogo ikiwa betri ni mpya. Ikionyesha sifuri, badilisha fyuzi kabla ya kumtuhumu mtu yeyote.

Kazi yenyewe

Tuseme mnataka kupima mzani. Zimeni swichi, toeni chaja. Fungueni kifuniko cha chumba cha betri peke yake. Mzani wa biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na hutiwa alama na lakiri. Lakiri isiguswe kwa sababu yoyote, na kwa kipimo hiki hakuna haja ya kuigusa. Pimeni volti za betri kwanza na kuziandika. Betri ya volti 6 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huwa na volti 6.3 au zaidi kidogo. Ile ya volti 12 huwa na 12.6 au 12.7, na ikiwa chini ya 12 imekwisha kuingia katika njaa.

Kisha chomoeni waya wa chanya kutoka kwenye betri. Hapa pana hila ndogo ambayo imeniokolea fyuzi nyingi. Vyombo vya kielektroniki vina vihifadhi umeme ndani yake, navyo vikiunganishwa mara ya kwanza huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo kisha hutulia. Mvuto huo waweza kukata fyuzi ya miliampea kabla hamjasoma lolote. Kwa hiyo chukueni kipande cha waya chenye vibanio, kiunganisheni kati ya kichwa cha betri na waya mliouchomoa, ili umeme upite hapo. Zimeni mzani ikiwa umejiwasha. Ndipo muweke multimita, waya mwekundu upande wa betri na mweusi upande wa mzani, sambamba na kile kipande. Mwisho kiondoeni kipande, na umeme wote utalazimika kupita kwa karani. Kioo kikionyesha alama ya kutoa mbele ya tarakimu, maana yake ni kwamba nyaya zimebadilishana pande. Tarakimu zenyewe ni sahihi.

Msisome haraka. Vyombo vingine huchukua dakika moja au mbili kabla ya kulala kabisa. Subirini mpaka tarakimu zitulie, tena msiwashe mzani wala taa wakati multimita iko kwenye miliampea 20.

Kwa chombo cha volti 12 kipimo hiki hakina dosari ya maana, ila yafaa ieleweke kwamba karani wetu hula konzi moja katika kila gunia. Ukinzani wake hupunguza volti zinazokifikia chombo. Miliampea 2 zikipita katika omu 10 hupoteza volti 0.02, nazo katika volti 6 si kitu. Lakini mkichagua kipimo cha miliampea 2, chenye omu 100, zitapotea volti 0.2. Katika kikokotoo au saa ya mezani itumiayo volti 3, upungufu huo ni kama sehemu moja katika kumi na tano, na chombo chaweza kujizima au kuvuta mkondo tofauti na ule wa siku zote. Basi kwa volti ndogo chagueni kipimo kikubwa, mkiridhika na tarakimu chache. Tarakimu nyingi zinazobadili kile kinachopimwa hazina faida.

Kuna wanaouliza kuhusu ile mita ya kubana waya kwa nje, isiyohitaji kukata njia. Nyingi za aina hiyo husoma umeme wa gridi tu, na hazioni umeme wa betri hata kidogo. Zile zisomazo umeme wa betri hutumia usumaku unaozunguka waya, na kwa miliampea chache usumaku huo ni dhaifu kuliko ule wa dunia yenyewe. Ukiigeuza mita upande mwingine tarakimu hubadilika ingawa waya ni ule ule. Chama kisitoe fedha kwa chombo hicho kwa kazi hii.

Njia ya kikinza

Iko njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iwafaayo makatibu wengi, kwa kuwa haihitaji kugusa matundu ya ampea kabisa. Tafuteni kikinza cha omu 1 na kukiunganisha kwa mfuatano katika waya wa betri. Mistari yake ni kahawia, nyeusi, dhahabu, na mstari wa nne, ambao pia ukiwa dhahabu huonyesha kwamba makosa yake hayazidi asilimia 5. Kisha pimeni volti kati ya ncha zake mbili, swichi ikiwa kwenye milivolti 200. Kwa kuwa ukinzani ni omu 1, kila milivolti ni miliampea moja, wala hapana hesabu ya kufanya. Kwa mkondo mdogo zaidi tumieni omu 10, mkigawanya kwa 10. Multimita hapa imesimama kando kama mpimaji wa volti, na mkono ukikosea hakuna cha kuungua ndani yake. Mwaweza kuiondoa na kuirudisha mara ishirini bila kuukata umeme.

Angalizo ni moja. Kikinza kidogo kama hicho huvumilia robo wati. Mtu akiwasha taa kubwa ya ampea 2 huku kikinza cha omu 1 kikiwa njiani, kitapokea wati 4 na kuungua papo hapo. Kiondoeni kazi inapokwisha.

Kwa njia hii niliipima pia sola ya ofisi ya chama hicho, betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Kabla ya kugusa betri tuliikata paneli, kwa maana kidhibiti chaji hakipendi kuachwa na paneli bila betri. Swichi zote zikiwa zimezimwa, tulikuta miliampea 38. Tulichomoa kitu kimoja kimoja. Redio iliyodhaniwa kuzimwa ilipotolewa, tarakimu zilishuka hadi 20. Kichomeo cha kuchajia simu, chenye kitaa kidogo cha buluu, kilipotolewa, zilishuka hadi 8, nazo 8 zilikuwa za kidhibiti chenyewe, ambacho ni mlinzi wa betri na chastahili posho yake. Mlinzi yule mwingine, wa kibinadamu, hakuonekana popote katika hesabu, na mwenyekiti alimwambia hivyo mbele ya halmashauri.

Miliampea 38 si hasara kwa ofisi ambayo paneli yake inapigwa na jua kila siku. Ni karibu ampea-saa 0.9 kwa siku nzima, na paneli hulipa deni hilo upesi. Lakini chama kile kilikuwa kimeshusha paneli kwa muda wa miezi miwili ili kuezeka upya paa, betri ikaachwa imeunganishwa. Kwa mkondo huo nusu ya betri huisha kwa siku 55 hivi. Hapo tukapata jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Dawa ya mzani haikugharimu hata shilingi. Msimu ulipofungwa betri ilichajiwa mpaka ikajaa, waya wa chanya ukachomolewa na kufungwa utepe, na karatasi ikabandikwa juu ya kifuniko yenye tarehe na volti zilizosomwa. Hata bila waya wowote betri hupungua yenyewe kidogo kidogo, hivyo katibu aliagizwa kuipima kila mwanzo wa mwezi na kuichaji ikishuka chini ya volti 6.2. Mara ya kwanza kuichaji ilikuwa Januari. Siku ya kufungua msimu wa 2024 mzani uliwaka kwa bonyezo moja.

Neno dogo kuhusu multimita yenyewe, ambalo nusura nilisahau. Nayo ina betri ndani, mara nyingi ya volti 9, na betri hiyo ikichoka alama ya betri hujitokeza katika pembe ya kioo. Multimita yenye alama hiyo huendelea kuonyesha tarakimu zilizo wazi na zenye kuaminika kwa macho, ila huwa kubwa kuliko kweli, hata betri iliyo taabani huonekana imejaa. Badilisheni betri hiyo kwanza, ndipo muandike lolote katika daftari.